Mama Hajafika Usoni

Walimtoa mama yangu kabla hajafika usoni. Nataka hilo lieleweke kwanza, maana siku hizi hapa Carrara kila mtu ana namna yake ya kuisimulia ile safari ya Firenze, na wengi wanaanzia kwenye mate na leso ili watu wacheke. Mimi nilikuwepo. Nilimshika mkono mwenyewe tangu mlangoni, na cha kuchekesha sikukiona.

Mama anaitwa Zelinda. Ni msuguaji wa marumaru kwenye karakana ya Bwana Vatteroni, na mimi, bintiye Libera, nasugua meza ya pili kutoka kwake. Wanaume wakishachonga sanamu inakuja kwetu wanawake ikiwa na makovu ya patasi mwili mzima, nasi tunaisugua kwa mawe na maji, jiwe la kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka inakuwa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Tunasugua Bikira Maria, malaika wa makaburini, simba wa kukaa mlangoni. Lakini anayetulisha hasa ni Daudi wa Biblia, yule kijana wa kombeo, kasimama uchi. Kila nchi inamtaka Daudi, wa bustanini, wa sebuleni, wengine wa kuwekwa juu ya kabati, na wote wanachongwa kwa kumwiga Daudi mmoja wa plasta anayesimama kwenye kona ya karakana. Huyo wa plasta naye alinakiliwa zamani kutoka kwa yule wa kweli wa Firenze.

Sisi wasuguaji wa pale tuna desturi yetu. Sanamu inaanzwa miguuni. Unaanza na vidole, unakwenda kisigino, unapanda polepole, na uso ni wa mwisho, na kabla hujaufikia huutazami. Macho yako yanabaki pale mkono ulipo. Wa karakana nyingine wanatucheka, wanasema maji machafu yanateremka, mwenye akili zake huanzia juu. Ni kweli yanateremka, na sisi tunarudi chini kuosha. Tulivyofundishwa ni kwamba ukiutazama uso mapema mkono unaanza kuringa, unaona miguu si kazi, na miguu inabaki na mikwaruzo. Mama hajawahi kwenda kinyume na hilo hata kwa simba.

Sasa, wakati wa vita bomu lilianguka mtaa wa pili, na Daudi wa plasta akaenda chini kifudifudi. Mwili ulipona, uso ukasagika. Bwana Vatteroni akamwita shemeji yake, fundi wa kupaka rangi makanisani, akaufinyanga uso upya kwa kutazama kadi ya posta. Tangu siku hiyo Mama ana kitu kinamkereketa, maana uso wa zamani umeshamtoka akilini.

“Libera,” ananiambia, huku anajikanda vidole, “hakuna mtu aliye hai aliyemaliza nyuso nyingi za huyu kijana kuliko mimi. Na sijui kama ni uso wake au ni uso wa shemeji wa tajiri.”

“Si umuulize tajiri.”

“Nimemuuliza. Kasema ni ule ule, nifanye kazi.”

Vidole vyake asubuhi vilikuwa havikunjiki tena mpaka avitie kwenye maji ya moto. Alikuwa amekwisha kusema kwamba baridi ikirudi ataacha kazi. Alichotaka ni kuacha akiwa anajua. Kama aliwapa watu uso wa kweli, basi. Kama alikuwa anawadanganya bila kujua, hilo nalo alijue. Kwa hiyo tajiri alipotangaza kwamba karakana inasherehekea kuanzishwa kwake na sote tutapandishwa basi kwenda Firenze kumwona Daudi mwenyewe, wengine walipiga makofi. Mama alikwenda kufua shela yake nyeusi.

Kwenye basi wachongaji walikaa mbele na tajiri, sisi nyuma na vikapu vya mkate, mafuta ya nguruwe ya chumvi, na divai. Armida, wa meza ya kwanza, mdomo wake hata padri anaukwepa, alianza kabla hatujaupita mji wa Massa.

“Zelinda, shoga, hicho kinachonukia ni nini? Mafuta ya waridi?”

“Sabuni.”

“Sabuni kwa mwanamume ambaye hata suruali hana.”

“Makalio yake nimeyasugua mimi kuliko mama yake alivyoyaosha,” Mama akamjibu, bila kugeuza kichwa. “Leo nakwenda kujitambulisha.”

Nyuma kote tulicheka. Tajiri naye aligeuka, akacheka kidogo. “Usitegemee makubwa, Zelinda. Ni huyu huyu wa kwetu, kaongezwa urefu tu.” Halafu akageukia mbele upesi, upesi kuliko mtu aliyemaliza utani. Niliona. Nilichokuwa sikijui ni maana yake.

Tulipofika, wanaume waliingia kwanza, kwa kelele, kila mmoja anataka kumwonyesha mwenzake patasi ilipita wapi. Mama alingoja wapungue. Mlangoni aliinamisha macho mpaka kwenye ncha za viatu vyake, akanipa mkono.

“Nifikishe miguuni,” akasema. “Nikifika uniambie.”

Ukumbi ule ni mrefu, na Daudi yuko mwisho wake, chini ya paa la kioo, kwa hiyo mtu yeyote anayeingia anamwona mzima tangu mbali. Mama hakumwona. Nilimwongoza katikati ya watu, wakawa wanatupisha, na mmoja wa walinzi, mwanamume wa makamo mwenye sharubu zilizochanwa vizuri, akatusogelea na sauti ya kanisani.

“Bibi haoni? Pole sana. Msogeze hapa, dada, hapa kuna nafasi.”

Ningemweleza, lakini ningeanzia wapi? Nikasema asante. Ndilo kosa langu mimi, na sitaki Mama abebeshwe. Mlinzi alituweka karibu kabisa na kamba ya kuzuia watu, akasimama pembeni akiwa ameridhika na wema wake.

“Tumefika,” nikasema.

Mama akainua macho kiasi cha kufika kwenye vidole vya mguu, basi. Daudi wamemsimamisha juu ya jiwe kubwa, vidole vyake viko juu kidogo ya kichwa cha mtu mfupi kama sisi. Aliutazama ule mguu muda mrefu. Nilimwona anavyopumua.

“Huu mguu,” akasema polepole, “ni ule ule.”

“Ni ule ule, Mama.”

“Kucha hizi nazijua.” Halafu sauti ikabadilika. “Libera. Unaona katikati ya vidole?”

Niliona. Vumbi lilikuwa limejilaza pale, la kijivu, nene, kama lile linalokaa juu ya makabati ya wajane.

“Achana nalo, Mama. Panda juu.”

“Napandaje juu na huku chini hakujaisha?”

Kwetu hakuna anayelipita vumbi lililo juu ya jiwe. Tajiri mwenyewe, akipita karakanani na koti lake zuri, anafuta kwa mkono wa koti. Mama alitoa leso, akailamba pembeni, akainama chini ya kamba kama anavyoinama chini ya waya wa nguo pale nyumbani, akasimama kwa ncha za viatu, na akaanza kufuta katikati ya kidole gumba na cha pili.

Alifuta mara chache tu. Mlinzi alimdaka kiwiko.

“Kumbe unaona,” akasema. Sauti ya kanisani ilikwisha.

“Naona,” Mama akasema, bado akiyaangalia yale yaliyo mbele yake. “Wewe ndiye huoni, mwanangu. Tazama leso hii.”

“Mnanifanya mjinga mimi? Unaigiza kipofu ili umpake mate?”

“Hakuna aliyesema ni kipofu,” nikasema. “Ulijisemea.”

“Nyamaza wewe. Huo ubao pale umeandikwa nini? Au hukusoma?”

“Nimesoma,” nikamjibu. “Darasa la tano linatosha kusoma ubao. Umeandikwa msiguse.”

“Basi?”

“Basi nyinyi mmetii kupita kiasi. Hata ufagio haujamgusa.”

Watu waliokuwa karibu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichotuharibia. Walinzi wengine wawili walikuja. Na hapo alikuja Bwana Vatteroni pia, na mimi nikapata nafuu moyoni, nikajua sasa atasema: huyu ni msuguaji wangu, mikono yake imefanya kazi hii miaka mingi, hamna cha kuogopa. Maneno hayo yalikuwa mepesi. Hata mtoto angeyapata.

Tajiri alivua kofia akaiweka kifuani. “Samahani sana, mabwana. Mtusamehe. Hawa ni watu wa mlimani.”

Watu wa mlimani. Yeye mwenyewe alizaliwa Bedizzano, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama yake na bibi yangu walikuwa wakianika mashuka kwenye kamba moja.

Wakamtoa Mama. Aliyeshika kiwiko hakukiachia mpaka mlangoni. Ukumbi wote ule Mama aliutembea na macho chini, na watu wakampisha tena, safari hii wanamtazama kama mtu aliyeiba. Walidhani ni aibu. Haikuwa aibu hata chembe. Alikuwa bado hajafika usoni.

Nje, jua lilikuwa kali na barabara ni nyembamba. Tajiri alikuwa anapiga kofia kwenye paja.

“Haya, ndani ya basi. Tumeshaona, tumeshaaibika, twendeni tukale.”

“Mama hajaona,” nikasema.

“Alikuwa ndani, Libera.”

“Ameona mguu mmoja. Ule wa pili hakuufikia.”

“Ni huyu huyu wa kwetu, mara ngapi niseme? Aliona mguu, ukawa ule ule, sivyo? Na uso ni ule ule. Zelinda, mwambie mtoto wako.”

Mama alikuwa anaikunja leso, vumbi likiwa ndani. “Mtoto wangu kasema sawasawa,” akasema.

Armida alitutazama sote mmoja mmoja. Kisha akakusanya sketi yake, akakaa kwenye ukingo wa barabara, miguu mbele, akafungua kikapu.

“Mimi nina njaa,” akatangaza. “Na nikila sipandi basi, natapika.”

Akafuata Nella, msuguaji mwenzetu, akafuata mwingine, mwisho sisi wote wa mezani tumekaa chini pale kama nguo zilizoanikwa, tunakata mkate. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu mmoja akiumia machimboni, mlima mzima unaweka zana chini, na hakuna anayeuliza aliyeumia ni nani. Wachongaji walisimama wanajikuna shingo. Wawili watatu walikaa. Waliobaki waliingia kwenye basi, na majina yao nayajua.

Mimi sikukaa. Mimi nilirudi mlangoni nikasimama mbele ya yule mwenye sharubu, ambaye sasa alikuwa amewekwa pale makusudi atuzuie.

“Mama hajafika usoni,” nikamwambia.

“Toka.”

Sikutoka, wala sikumsogelea. Watu waliingia, watu walitoka, nikawapisha wote kisha nikarudi pale pale. Kila akinitazama nilimwambia vile vile, kwa sauti ile ile, mama hajafika usoni. Mimi ni mvumilivu, ndiyo kazi yangu; goti moja la sanamu linaweza kula siku nzima na mtu hasemi kitu. Yeye hakuwa mvumilivu. Kwanza alinitisha kwa polisi. Baadaye alijaribu utani, akaniuliza kama nimeolewa. Kisha akatazama kule barabarani, ambako Armida alikuwa anamwelezea Mwingereza mmoja habari zote kwa mikono, na Mwingereza anatikisa kichwa kwa huzuni, na watu wengine wanasimama kusikiliza.

“Usoni, usoni, ndiyo nini?” akasema hatimaye.

Nikamweleza desturi yetu. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

“Yaani alipita ukumbi mzima na hakumtazama?”

“Hakumtazama.”

“Hiyo nayo ni akili?”

“Ni yetu.”

Alishusha pumzi. “Aje aombe msamaha kwa mkubwa wangu. Akae nyuma ya kamba. Mikono mgongoni. Na muda wa kufunga umekaribia, sitaki hadithi.”

Nilijua Mama atakubali, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Nilitaka akatae. Lakini mtu ambaye vidole vyake vinakufa hana nafasi ya kukataa. Alisimama mbele ya kijana mmoja aliyefunga tai, ndiye mkubwa mwenyewe, mdogo kuliko mimi, akasema, “Nisamehe, bwana, nilifuta vumbi,” na kijana yule akasema asirudie. Vumbi lenyewe lilikuwa mfukoni mwake. Hakuna aliyeuliza lilikuwa la nani.

Tukaingia wawili, mlinzi nyuma yetu. Mama alipita ukumbi tena na macho chini, akasimama kwenye kamba, akaweka mikono mgongoni kama mfungwa, akaanza. Kutoka mwanzo. Vidole vya mguu wa kwanza, kisigino, akahamia mguu wa pili, gogo la mti lililo nyuma ya mguu, shavu la mguu, goti.

“Bibi,” mlinzi akasema, “uso uko kule juu. Tazama uende.”

“Niko njiani,” Mama akasema.

Kengele ilipigwa. Watu wakaanza kutoka. Mama alikuwa kwenye paja. Mlinzi alisogea, nami nikasogea katikati yao, nikamwuliza nani alikuwa analipanda jiwe lile kufuta, na kwa ngazi gani, na kwa kitambaa gani, na alipojibu nikamwuliza tena. Nyuma ya mgongo wa Mama niliona kidole gumba chake cha kulia kinazunguka, kinazunguka, kinasugua hewa. Kilipanda tumbo. Kilipanda kifua. Kilikwenda kwenye ule mkono mkubwa wenye mishipa, kikarudi, kikapanda shingo, kwenye ule msuli unaotuchelewesha sote kazini.

Halafu kikasimama.

Sikumtazama Daudi. Nilimtazama mama yangu. Alikuwa ameinua kichwa mpaka shela ikamdondoka, na alikaa hivyo. Akasogea hatua kushoto, akarudi kulia. Mlinzi alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

“Huyu amekasirika,” Mama akasema.

Ndipo na mimi nikainua macho. Kati ya nyusi zake palikuwa na mikunjo, mirefu, na paji la uso limejaa kama la mtu aliyeitwa jina baya na bado hajajibu. Macho hayatazami watu. Yanatazama kitu kinachokuja. Yule wa kwetu ana paji laini kama yai na midomo ya kijana wa komunyo ya kwanza. Nimelisugua mara ngapi lile paji? Mama alilisugua kuliko mimi. Kama palibaki mkwaruzo mdogo, tuliambiwa tuutoe.

“Twende,” Mama akasema. Kwa mlinzi akasema, “Asante, mwanangu. Umfute.”

Bwana Vatteroni alikuwa kwenye mlango wa basi, anatazama saa. Mama alikwenda moja kwa moja mpaka akasimama mbele yake.

“Wewe huku ulikuja kabla ya leo.”

“Nimekuja, ndiyo. Biashara ni biashara.”

“Mara nyingi?”

“Zelinda, watu wanangoja.”

“Ulimwona ana ndita.”

Tajiri alitazama basi, akatazama barabara. Alipojibu alitumia sauti ya upole, ile ya kumwambia mgonjwa kwamba anaendelea vizuri. “Sikiliza. Nani anataka mtu aliyekasirika sebuleni kwake? Watu wanakula chakula mbele yake. Huyu wetu ana uso mtamu. Anauzika. Nyinyi mnakula kwa uso ule.”

“Mimi nilikuuliza.”

“Nilikujibu hivyo ili usijisumbue.”

Hapo ndipo nilipotamani kuwa na nyundo. Uongo peke yake labda ningeumeza, maana wateja ni wateja. Lakini alimwona mwanamke mzima anamwuliza, na vidole vile, akaamua kwamba jibu si saizi yake.

Mama hakupandisha sauti. “Jumatatu kuna Daudi wawili mezani,” akasema. “Nitawasugua mpaka hapa.” Akaweka kiganja kwenye koo lake. “Kutoka hapa kwenda juu, mwite shemeji yako.”

“Zelinda, kuna oda ya watu.”

“Na wangu mpaka hapo hapo,” Armida akasema, anajipangusa makombo.

“Na wangu,” akasema Nella.

“Nitaleta wasuguaji wengine,” tajiri akasema. “Kule Viareggio wamejaa.”

“Walete,” nikasema mimi. “Nitawapangia meza. Nitawaeleza na tulichokiona.”

Alipanda basi, akakaa nyuma ya dereva, kofia magotini.

Njia nzima Mama alikuwa anawasimulia wale wa nyuma ambao walipita mbele ya Daudi haraka haraka wakifuata vicheko vya wanaume. Walisema hawakumbuki ndita yoyote. “Ipo,” Mama akasema, na akaigeuza sura yake mwenyewe kuwaonyesha: nyusi chini, paji limejaa, macho pembeni. Armida akajaribu. “Hapana, hiyo ni ya mtu aliyekunywa siki,” Mama akamwambia, akamsukuma nyusi kwa kidole. “Tuliza mdomo. Hasira iko hapa tu, mdomo umefungwa.” Nella akajaribu, na wengine wakajaribu, na Mama akawa anapita kati ya viti akishikilia vyuma, anamsahihisha kila mmoja, mpaka tulipokuwa tunaiona milima yetu myeupe, nyuma yote ya basi ni wanawake wamekunja ndita, kimya, midomo imefungwa.

Tajiri alikuwa anatuona kwenye kioo cha dereva. Hakugeuka.